Umeacha nusu ya vyakula na tumbo bado linasumbua: kosa liko wapi?

Daftari langu la kwanza la chakula lilikuwa na safu moja tu, na juu yake niliandika kwa wino mwekundu: SILI. Mwezi wa kwanza safu ile ilikuwa na vitu 5. Kufikia mwezi wa nane vilikuwa 31, suruali zote zinanipwaya, na tumbo linaunguruma vilevile. Nilichelewa sana kugundua kwamba daftari lenyewe ndilo lilikuwa na hitilafu. Halikuwa na tarehe, halikuwa na saa, halikuwa na kiasi, wala halikuwa na mahali pa kuandika nilichojaribu kukirudisha.

Haya namwandikia mtu aliyeambiwa ana IBS, yaani utumbo nyeti unaouma na kuvuruga choo ilhali vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe, akaanza kujinyima vyakula, na sasa mambo hayaendi alivyotarajia. Lishe ninayoizungumzia zaidi ni ile ya FODMAP kidogo, iliyoendelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne, Australia. Jina lenyewe lilianza kutumika mwaka 2005. FODMAP ni aina za wanga na sukari ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri: fruktani (zimo kwenye ngano, kitunguu maji na kitunguu saumu), galaktani za maharagwe na dengu, laktosi ya maziwa, fruktosi inapozidi glukosi (asali, embe, tofaa), na polioli kama sorbitoli na manitoli.

Zikifika tumboni zinafanya kazi mbili. Zinavuta maji ndani ya utumbo mwembamba, kisha zikishuka kwenye utumbo mpana bakteria wanazichachua na kutoa gesi. Hilo linampata kila mtu, hata asiyeumwa. Watafiti wa Nottingham, Uingereza, waliwanywesha sukari hizi watu wenye IBS na wasio nayo, halafu wakawapiga picha za MRI, mashine inayoonyesha ndani ya mwili. Maji na gesi vilikaribiana kwa makundi yote mawili, lakini waliolalamika zaidi ni wenye IBS. Kwao neva za utumbo ndizo zinazopiga kelele mapema. Kwa hiyo ukingoja siku ambayo hutatoa upepo kabisa, utangoja sana.

Kabla ya yote: una hakika ni IBS?

Madaktari wengi hutumia vigezo vya Roma, yaani vigezo vya kimataifa vya kutambua IBS, toleo la nne, vya mwaka 2016. Vinataka maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki, kwa wastani, katika miezi 3 iliyopita. Maumivu hayo yaambatane na mambo mawili au zaidi kati ya haya: yanahusiana na kwenda haja kubwa, idadi ya safari za chooni imebadilika, au umbo la choo limebadilika. Na yote hayo yawe yalianza si chini ya miezi 6 iliyopita. Ukiona tumbo lako linajaa tu bila kuuma, huenda unatibu jina lisilo lako.

Yapo mambo ambayo hayangoji lishe: damu kwenye choo, kupungua uzito bila kujinyima, homa, upungufu wa damu, kuharisha kunakokuamsha usiku wa manane, dalili zinazoanza kwa mara ya kwanza ukiwa umevuka miaka 50, au saratani ya utumbo mpana kwenye ukoo wa karibu. Mwanamke wa umri huo ambaye tumbo limeanza kujaa kila siku aangaliwe na ovari pia. Na anayeharisha kwa wiki kadhaa apime choo, maana kijidudu cha giardia kinaweza kuiga IBS vizuri sana.

Halafu kuna kipimo cha seliaki, ugonjwa ambao gluteni (protini ya ngano) huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, na hapa ndipo nilipojikwaa mwenyewe. Kipimo hicho cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa wa seliaki hutengeneza pale tu anapokula gluteni. Ukiacha ngano kwanza ukapima baadaye, jibu linaweza kuja safi ilhali ugonjwa upo. Mimi niliacha mkate kwa miezi 5 ndipo daktari akauliza, "Ulishapima?" Nikalazimika kula mkate kila siku kwa wiki 6 ili damu ipimike, na zile wiki 6 sitazisahau. Pima kwanza, acha ngano baadaye.

Vile vipimo vya IgG, aina ya kingamwili za damu, vinavyouzwa kwa madai ya kukuonyesha "vyakula vinavyokukataa", hifadhi hela yako. IgG ya chakula huonyesha kwamba umekuwa ukikila. Ndiyo maana majibu huja na orodha ya vile unavyovipenda.

Dalili: wiki 3 zimepita, sijaona nafuu yoyote

Mara nyingi chanzo ni kitunguu. Sisemi kitunguu ulichokikata mwenyewe, nasema kile usichokiona.

Wiki yangu ya tatu ya kujaribu lishe hii nilikuwa nimejitahidi kweli: wali, samaki, karoti, mchicha, machungwa. Jioni moja, tumbo likiwa limekaza kama ngoma, nikachukua kile kipakiti cha viungo nilichokuwa nikinyunyizia kila chungu na kukisogeza chini ya taa. Herufi zilikuwa ndogo kama mchanga. Chumvi. Unga wa kitunguu. Unga wa kitunguu saumu. Mbili kati ya tatu za mwanzo! Kwa kuwa viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi, nilikuwa nikila vitunguu mara tatu kwa siku huku nikijisifu kwamba nimeviacha.

Kosa pacha la hilo ni kuchemsha kitunguu kwenye mchuzi halafu kukitoa kabla ya kupakua. Haisaidii. Fruktani huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kitunguu kinatoka na fruktani zinabaki kwenye mchuzi. Kwenye mafuta haziyeyuki. Ukikaanga punje za kitunguu saumu kwenye mafuta matupu, ukazitoa zote, ndipo ukaweka nyanya na maji, ladha utaipata na fruktani hutazipata. Lakini mafuta hayo yatumie siku hiyohiyo. Mafuta ya kitunguu saumu ya kutengeneza nyumbani yakikaa kwenye joto la kawaida yanaweza kuotesha bakteria wa botulizimu, na huyo si wa kuchezewa. Anayetaka ladha ya kitunguu kwa njia rahisi zaidi atumie majani ya kijani ya kitunguu, aache sehemu nyeupe.

Kosa la pili ni kuchanganya gluteni na FODMAP. Gluteni ni protini, fruktani ni wanga, ila zote zinakaa kwenye ngano, kwa hiyo mtu akiacha ngano akapata nafuu anaipa gluteni lawama yote. Mwaka 2018 watafiti wa Norway walichukua watu 59 wasio na seliaki ambao walikuwa wameacha gluteni kwa kuamini inawadhuru. Wakawapa vipande vyenye gluteni, vyenye fruktani na visivyo na chochote, bila wao kujua wanakula kipi. Fruktani ndizo zilizowasumbua zaidi, si gluteni. Kwa hiyo biskuti "isiyo na gluteni" iliyojaa asali, maziwa na unga wa dengu bado itakuunguza. Na kwa upande mwingine, mtu wa IBS asiye na seliaki hana haja ya kuogopa tone la mchuzi wa soya kwa sababu ya ngano kidogo iliyomo.

Angalia pia vitu ambavyo huviiti chakula. Chingamu na pipi zisizo na sukari hutiwa sorbitoli, manitoli au zailitoli. Kwenye lebo huenda zikajificha kwa namba: E420, E421, E967. Dawa nyingi za kikohozi za maji zina sorbitoli. Metformini, dawa ya kisukari, huharisha watu wengi, na dawa za kiungulia zenye magnesi nazo hulegeza choo. (Usiache dawa ya daktari kwa sababu ya makala uliyoisoma. Muulize.)

Kuna mrundikano. Tunda moja ni sawa, la pili ni sawa, la tatu ni sawa, lakini ukiyala yote matatu kwa mkupuo mmoja fruktosi inakuwa si kidogo tena. Acha masaa mawili au matatu kati ya mlo na mlo.

Na kuna visumbufu visivyo FODMAP kabisa: kahawa, pombe, pilipili kali, mafuta mengi. Samaki hana FODMAP hata chembe, lakini akielea kwenye mafuta anaweza kukupeleka chooni kama kawaida.

Ukiwa umekagua yote hayo na wiki 6 zimetimia bila mabadiliko, simama. Usiongeze makali. Lishe hii huwasaidia zaidi ya nusu ya wenye IBS, maana yake wapo wengi ambao haiwasaidii, na hao kosa si lao. Kama tatizo lako kuu ni kuharisha, muulize daktari kuhusu asidi za nyongo: zikivuka hadi utumbo mpana kwa wingi huleta choo cha majimaji, na watu wengi wenye hali hiyo wamebandikwa jina la IBS kwa miaka. Hiyo ina dawa yake, na kitunguu hakihusiki.

Dalili: gesi imepungua, lakini choo kimekuwa kigumu

Hii haina fumbo. Umeondoa ngano, maharagwe na matunda kadhaa, na nyuzinyuzi zimeondoka navyo. Zirudishe kwa vitu vinavyoruhusiwa: oti, viazi na maganda yake, karoti, machungwa, mbegu za kitani kijiko kimoja kwa siku ukipandisha taratibu. Kiwi mbili kwa siku zimewasaidia wengi. Maganda ya ispaghula, yale yanayovimba kama uji yakitiwa maji, ni bora kuliko pumba za ngano, ambazo wenye IBS wengi huwaongezea maumivu. Kunywa maji ya kutosha, la sivyo ispaghula itageuka simenti.

Kama unakaa chooni dakika 20 ukijikamua, na hata choo kikiwa laini hakitoki, basi huenda misuli ya nyonga hailegei inapotakiwa. Hilo ni la mtaalamu wa mazoezi ya viungo, si la mpishi.

Dalili: nikila tu, nakimbilia chooni

Watu huapa kwamba chakula "kimepita moja kwa moja". Hakijapita. Chakula ulichokimeza dakika 15 zilizopita bado kiko kwenye mfuko wa tumbo. Kilichotokea ni kwamba tumbo likitanuka linatuma ishara kwa utumbo mpana utoe nafasi, na kwa mwenye IBS ishara hiyo ni kali kupita kiasi. Unachokitoa ni cha jana au juzi.

Natumia muda hapa kwa sababu kosa hili ndilo lililoijaza safu yangu ya SILI. Nilikuwa naandika kilichokuwa kwenye sahani wakati tumbo linakoroma. Chai ya asubuhi ikaandikwa, mayai yakaandikwa (mayai, ambayo hayana FODMAP!), hadi maji ya uvuguvugu. FODMAP kwa kawaida huanza kusumbua masaa kadhaa baada ya kula, na zinaweza kuendelea hadi siku ya pili. Ukitaka kumjua mwizi, rudi nyuma kwenye mlo uliopita na ule wa kabla yake.

Kinachosaidia tatizo hili ni kugawa chakula: milo midogo mitano badala ya mitatu mikubwa, mafuta kidogo asubuhi, na kahawa isitangulie chakula.

Dalili: leo kinanikubali, kesho kinanikataa

Uliza kiasi kwanza. Nusu kikombe cha maziwa na vikombe viwili ni vitu viwili tofauti. Kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu 12 za laktosi, kiasi ambacho hata watu wengi wasioivumilia laktosi hukimudu wakinywa pamoja na chakula. Uliza kuiva: ndizi iliyoanza kuwa na madoa ina fruktani nyingi kuliko ile iliyo ngumu bado. Dengu za kopo zilizomwagwa maji yake na kusuuzwa zina galaktani chache kuliko za kuchemsha nyumbani, kwa sababu sehemu yake imehamia kwenye maji.

Kisha uliza hali yako. Usiku bila usingizi, mtihani, ugomvi, siku za hedhi: vyote hupunguza kiwango ambacho utumbo unavumilia. Andika haya kwenye daftari pamoja na chakula. Nilipoanza kuandika saa za kulala, niligundua kwamba siku zangu mbaya 7 kati ya 10 zilitanguliwa na usiku mbaya, chakula kikiwa kilekile.

Dalili: nimepata nafuu, naogopa kurudisha

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na wanakwama wakifurahi. Tumbo limetulia, nani atake kulichokoza? Lakini ile awamu ya kuacha kila kitu ilitengenezwa iwe ya wiki 2 hadi 6 tu. Ni kipimo, kama vile kufunga kula kabla ya kupima sukari. Hakuna anayeendelea kufunga mwaka mzima kwa sababu majibu yalikuwa mazuri. Zaidi ya hayo, zile sukari unazozikimbia ni chakula cha bakteria wema, hasa wa jamii ya bifidobakteria, na tafiti zimeonyesha wanapungua ukiendelea kuwanyima.

Kurudisha kuna utaratibu. Lishe yako ya msingi ibaki ileile, unaongeza kitu kimoja tu kinachowakilisha kundi moja. Kwa laktosi nilifanya hivi: Jumatatu robo kikombe cha maziwa, Jumanne nusu, Jumatano kikombe kizima. Alhamisi hadi Jumamosi, hakuna maziwa, natazama tu. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Jumatano usiku tumbo liliunguruma kidogo, nikalala. Jibu: nusu kikombe ni halali yangu kila siku, na mtindi ukarudi mezani baada ya miezi 9. Kitu chema au kibaya ukikijua kwa kipimo hakikutishi tena.

Fruktani zipime mara tatu, kwa vitu tofauti: mkate, kitunguu maji, kitunguu saumu. Wapo wanaokula mkate bila shida lakini punje moja ya saumu inawalaza. Ukifeli kwenye kiasi kidogo, acha, pumzika hadi tumbo litulie siku 2 au 3, endelea na kundi lingine. Usirudie siku hiyohiyo kwa hasira. Zoezi zima huchukua wiki 6 hadi 8, ukiwa mvumilivu.

Mitego ninayoiona mara kwa mara: kupima laktosi kwa aiskrimu, ambayo ina mafuta mengi, halafu hujui kilichokuuma ni kipi. Kupima ngano kwa keki yenye asali. Kupima wiki ya mtihani au ya safari.

Na mtego mkubwa kuliko yote ni hofu yenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Monash waliwapa watu 37 wenye IBS, walioamini gluteni inawadhuru, chakula chenye gluteni nyingi, kidogo na kisicho nayo, kwa zamu, bila kujua. Hali zao zilizorota kwa kiwango kinachofanana katika zamu zote, hata ile isiyo na gluteni. Walikuwa wanaumwa kweli, hawakuigiza. Utumbo unaosubiri pigo huhisi pigo. Kama una mtu wa kukusaidia, mwambie akuchanganyie kitu unachokipima siku asiyokutajia, uone daftari litasema nini.

Dalili: orodha inazidi kurefuka na uzito unashuka

Acha lishe leo. Sitanii. Mtu aliyewahi kuwa na tatizo la ulaji, mtoto anayekua, mjamzito, au mwembamba kupita kiasi hapaswi hata kuianza bila mtaalamu wa lishe kando yake. Dalili za hatari ni hizi: unakataa mialiko, unasoma lebo hadi unakosa usingizi, unajisikia umetenda dhambi ukila biskuti. Ukimchunguza sana bata, humli.

Kurudi nyuma si kurudi mikono mitupu. Mwongozo wa mwaka 2008 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ulipendekeza mambo mepesi: kula kwa saa zilezile, tafuna taratibu, usiruke mlo, chai na kahawa visizidi vikombe 3 kwa siku, matunda sehemu 3 za gramu 80, punguza soda na pombe. Watafiti wa Sweden walipolinganisha ushauri wa namna hiyo na lishe ya FODMAP kidogo mwaka 2015, kwa wagonjwa 75, karibu nusu ya kila kundi walipata nafuu. Laiti ningepewa karatasi hiyo kwanza. Tena wanaolemewa na msongo wana njia nyingine: tiba ya mazungumzo, na hata hipnosisi inayolenga utumbo (mtaalamu anakuongoza kwenye utulivu wa kina), ambayo kwenye jaribio la Monash la mwaka 2016 ilileta nafuu inayolingana na ya lishe.

Daftari langu la sasa lina safu 6: tarehe, saa, kitu na kiasi, usingizi, choo, maoni. Ile ya SILI imebaki na vitu 2. Cha kwanza ni kitunguu saumu kizima. Cha pili ni tikiti maji zaidi ya kipande kimoja, na pembeni yake nimeandika kwa penseli: "Jaribu tena mwezi ujao."